Nasaba ya Landrova na Madaftari ya Solihull

Kitu kikishaundwa na mikono ya watu wengi, kikavuka bahari, kikauzwa na kununuliwa mara nyingi, kikavunjika na kuungwa tena, asili yake haijulikani kwa kutazamwa tu. Na gari la kale, hasa lile lililofanya kazi ngumu miaka mingi mbali na kiwanda kilicholiunda, ni katika vitu ambavyo sura yake humhadaa mtazamaji upesi. Rangi hubadilishwa, injini hutolewa ikatiwa nyingine, milango ya gari moja hufungwa katika gari jingine, na bamba dogo lenye jina na nambari huweza kung'olewa na kuhamishwa katika muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Mtu atakaye kujua gari lake lilizaliwa lini, likiwa na rangi gani, likapelekwa kwa nani, hana budi kumtafuta shahidi aliyekuwapo siku lilipovuka lango la kiwanda, naye awe shahidi asiye na haja ya kulisifu wala kulikashifu. Shahidi huyo ni daftari la kiwanda. Muradi wangu katika maneno haya ni kueleza habari za madaftari ya kiwanda kimoja, nacho ni kile cha Solihull katika Uingereza, palipoundwa landrova. Nimekichagua kwa kuwa magari yake yaliingia katika maisha ya Afrika ya Mashariki, mashambani, mbugani, bomani na misheni, kwa kadiri ambayo magari machache mengine yamefikia.

Kampuni ya Rover asili yake ni mji wa Coventry, nayo mwaka 1940 ilipata madhara makubwa kwa mabomu ya ndege za Kijerumani yaliyouangamiza mji ule. Huko Solihull, karibu na Birmingham, palikuwa na kiwanda kilichojengwa kwa amri ya serikali ili kuunda injini za ndege za vita, na Rover ndio waliokiendesha. Vita vilipokwisha mwaka 1945, kampuni ikakifanya makao yake mapya. Amani ilikuja na dhiki yake. Chuma kilikuwa haba, na serikali iliwagawia kwanza wale walioweza kuuza bidhaa katika nchi za nje na kuiletea Uingereza fedha za kigeni. Katika hali hiyo Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa Rover, aliyekuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey na akitumia huko jipu kuukuu la jeshi la Marekani, alipata mwaka 1947 fikira ya kuunda gari la mkulima lenye nguvu za kulima, kuvuta na kupita matopeni, akashauriana na ndugu yake Spencer, aliyekuwa mkuu wa kampuni. Bodi ililazimika kuwa ya mchanganyiko wa aluminiamu uitwao Birmabright, kwa sababu aluminiamu ilipatikana pale ambapo chuma hakikupatikana. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Wenyewe walilifikiria kuwa kazi ya kupitisha miaka ya shida, hata magari ya starehe yatakaporudia soko lake. Lakini likadumu, na mwaka 1976 ikatoka Solihull landrova iliyotimiza milioni moja.

Milioni moja ya vitu vifananavyo haiwezi kuhifadhiwa katika kichwa cha mtu. Ndiyo maana tangu mwanzo kila gari lilipewa nambari yake, ikagongwa juu ya chuma cha chesi na kuandikwa katika bamba, na kila nambari ikapewa mstari wake katika vitabu vya kiwanda. Katika mstari ule karani aliandika nambari ya injini, ya giaboksi na za ekseli, rangi, tarehe gari lilipomalizika, tarehe lilipotoka, na wakala au nchi lilikopelekwa. Karani yule hakuandika tarikh, wala hakukusudia kuwafurahisha wajukuu wa mnunuzi. Alitaka kujua, ikiwa barua ingekuja kutoka Mombasa au Melbourne kulalamikia giaboksi, ni giaboksi ipi inayozungumzwa na ya siku gani, ili spea ipelekwayo iwe ile itakayoingia. Mimi naona thamani ya maandishi yake imo katika jambo hilo hasa: aliandika kwa haja ya siku ile, bila ghururi na bila kujua ya kwamba baada ya miaka sabini mstari mmoja wa mwandiko wake ungeweza kuongeza au kupunguza bei ya gari kwa kiasi kikubwa kuliko mshahara wake wa maisha.

Nambari yenyewe, kabla hata ya kulifikia daftari, ina maneno ya kusema kwa ajuaye kuisoma. Magari ya mwaka wa kwanza yalipewa herufi R ikiwa usukani uko kulia, au L ikiwa uko kushoto, kisha tarakimu zinazoanza na 86. Kwa hiyo R860001 ndiyo ya kwanza katika magari ya kuuzwa, nayo isichanganywe na yale ya majaribio yaliyotangulia, ambayo yalikuwa 48 na yenye hesabu yake mbali. Tangu mwaka 1950 tarakimu ya mwanzo ikawa ya mwaka, hata anayeona nambari ianzayo na 2610 ajue kuwa ni gari la msimu wa 1952. Lakini utaratibu unaotuhusu zaidi sisi wa pwani hii na bara yake ni ule uliokuja na toleo la Series Two mwaka 1958 na kuendelea katika Series Two A iliyotoka mwaka 1961, kwa kuwa humo tarakimu tatu za mwanzo hutaja jamii ya gari na safari yake.

Tuchukue ile 109 ya petroli ya Series Two A, iitwayo hivyo kwa inchi zilizo kati ya ekseli zake, gari ambalo aliyepanda nyuma yake katika barabara za vumbi hakuhitaji kufahamishwa zaidi. Ikiwa nambari yake inaanza na 251, gari liliundwa kuuzwa Uingereza kwenyewe. Ikianza na 252, lilikusudiwa kwenda nje, usukani ukiwa kulia, na lilitoka kiwandani likiwa limekamilika. 253 ni la usukani wa kulia vilevile, lakini lilisafirishwa vipande vipande ndani ya masanduku ili likaungwe katika nchi liendako. 254 ni la nje lenye usukani wa kushoto, na 255 ni ndugu yake wa masandukuni. Baada ya tarakimu hizo tatu hufuata hesabu ya gari lenyewe, na tangu mwaka 1962 hufuata tena herufi moja mwishoni, iliyobadilishwa kila yalipofanywa mageuzi yaliyowahusu mafundi wa matengenezo. Kwa elimu hiyo ndogo mtu huweza kustaajabu kwa haki. Akikuta mathalani karibu na Ziwa Tanganyika chesi ya 254 ambayo usukani wake sasa uko kulia, ana sababu ya kuuliza kama gari lile halikuanza maisha yake ng'ambo ya ziwa, katika Kongo au Burundi, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, likavuka baadaye na kugeuzwa. Nambari haithibitishi hayo. Yamkini yako mengine. Ila humwonyesha mtafiti mlango wa kubisha.

Kuisoma kuna kazi yake. Katika Series Two A nambari ya chesi imegongwa mbele, upande wa kulia, katika kikono kinachoshika springi, mahali panaporushiwa tope na gurudumu siku zote za uhai wa gari. Na juu ya tope aghalabu huwa pana rangi ya pili na ya tatu, na chini ya rangi pana kutu. Fundi mwenye subira hapatii patasi wala jiwe la kusagia. Huloweka mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi akasugua kwa brashi ya waya polepole, akafuta kwa kitambaa, kisha akapitisha chaki juu ya chuma, ili unga uingie katika mashimo ya tarakimu na uso uliobaki ubaki mweusi. Tarakimu hujitokeza moja baada ya moja, tena si zote. Tarakimu 3 na 8 hufanana zikiliwa na kutu, na mara nyingi hupasa kuangazia taa kwa ubavu ili kivuli kiseme ni ipi. Kazi hiyo ikikamilika, hulinganishwa na bamba lililo ndani ya kabini na karatasi za umiliki, yaani kadi ya gari kwa Tanzania au logibuku kwa Kenya. Vitatu hivi vikikubaliana, mtafiti ana msingi. Vikihitilafiana, basi cha kuaminiwa kwanza ni chuma cha chesi, maana bamba huhama na karatasi huandikwa na watu waliochoka. Ingawa chesi nazo hukatwa na kuungwa, na mshono wa welding ulio karibu na nambari ni jambo la kutazamwa kwa makini.

Hapo ndipo daftari linapoulizwa. Namna lilivyookoka hata likaweza kuulizwa ni habari ya bahati na ya watu wenye busara kwa pamoja. Rover ilinunuliwa na Leyland mwaka 1967, na mwaka uliofuata Leyland ikaunganishwa na wenziwe kuwa British Leyland, shirika kubwa lililokusanya chini ya paa moja majina mengi ya magari ya Kiingereza pamoja na makabati yao ya karatasi. Mashirika yanapomezana, karatasi kuukuu ndizo hutupwa kwanza, kwani zinachukua nafasi na hazileti faida. Lakini mwaka 1975 liliundwa tawi la kuhifadhi urithi wa kampuni hizo, na mwaka 1983 likawa wakfu unaojitegemea, uitwao British Motor Industry Heritage Trust, ambao tangu mwaka 1993 una jumba lake la makumbusho huko Gaydon katika jimbo la Warwickshire. Madaftari ya Rover na ya landrova yamo katika hifadhi hiyo. Mwenye gari hupeleka nambari yake, watunzaji hufungua kitabu na kuutafuta mstari, kisha humpa cheti chenye mhuri kinachotaja yale yaliyoandikwa na karani, bila kuongeza neno. Naipenda sana kanuni hiyo ya kutoongeza neno. Ikiwa daftari halikutaja rangi, cheti nacho hakitaji rangi, hata kama gari liko mbele ya macho ya watu wote likiwa la kijani.

Wenye magari hukasirikia vyeti, na hasira nyingi hutokana na tarehe. Gari huwa na siku nne za kuzaliwa, na kila mmoja huchagua ile impendezayo: siku lilipomalizika kuundwa, siku lilipotoka kiwandani, siku liliposajiliwa, na mwaka wa msimu uliotajwa na nambari. Msimu wa kiwanda ulianza kabla ya mwaka wa kalenda, mwishoni mwa kiangazi cha Ulaya, hivyo gari la msimu wa 1951 huenda liliundwa mwaka 1950 ungali haujaisha. Kwa magari ya Mombasa na Dar es Salaam umbali kati ya tarehe ya kutoka na tarehe ya kusajiliwa ni mrefu zaidi, maana ndani yake mna reli ya Uingereza, gati, meli, forodha na bohari ya wakala. Mfereji wa Suez ulipofungwa tangu Juni 1967 hadi Juni 1975, meli zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka kwa majuma. Basi mtu mwenye kadi iandikwayo 1968 akaletewa cheti cha mwisho wa 1967 hana sababu ya kudhani kuwa amedanganywa na upande wowote. Karatasi zote mbili ni kweli, na kati yao ipo bahari.

Magari ya masanduku yana shida kubwa kuliko hiyo. Mstari wake katika daftari ni mfupi, aghalabu tarehe ya kutoka na nchi ya kwenda, kwani Solihull haikuliona gari, iliona masanduku. Siku lilipoungwa, injini ipi ilikutanishwa na chesi ipi, na rangi iliyopakwa, ni mambo ya kiwanda kilichoyafungua. Kwa hiyo mwenye 253 apewaye cheti chenye mistari mitatu asihuzunike akadhani kuwa gari lake lilidharauliwa. Ushahidi wake umewekwa mahali pengine, ikiwa uliwekwa.

Faida ya ushahidi wa namna hii ilionekana kwa uwazi kamili katika habari ya gari mojawapo kati ya matatu yaliyosimamishwa mbele ya watu kule Amsterdam mwaka 1948. Gari hilo, la saba katika yale ya majaribio, lilipotea katika habari za watu. Lilitumika barabarani hadi miaka ya 1960, likakaa miaka 20 katika kiwanja cha Wales, likanunuliwa na mtu aliyetaka kulifufua, na kazi isiishe, likaachwa bustanini. Lilipogunduliwa, lilikuwa maili chache tu kutoka Solihull. Wataalamu wa kampuni walitumia miezi wakipekua hifadhi ili kufuata umiliki wake na kuhakikisha ya kwamba ndilo, na chuma nacho kikatoa shahada yake, kwa maana magari yale ya majaribio yalikuwa na chesi iliyopakwa zinki, mabati ya aluminiamu mazito kuliko yaliyofuata, na sehemu ya nyuma iliyoweza kutolewa. Mwezi Januari 2018 kampuni ilitangaza kwamba italitengeneza, na kwamba mabati yake yatabaki na rangi yao ya asili iliyochakaa. Uamuzi huo nauheshimu. Rangi mpya ingelifanya gari liwe zuri zaidi na kulifutia sehemu ya ushahidi.

Wanavyuoni wetu wa hadithi za Mtume hawakuridhika na maneno mazuri yasiyo na sanadi, yaani mnyororo wa wasimulizi; waliuliza ni nani aliyesimulia, naye alisikia kwa nani, na je, hao wawili walikutana? Swali hilo hilo liliulizwa mbele ya mahakama kuu ya London mwaka 1990, ijapokuwa kwa maneno ya sheria. Gari la Bentley lililoitwa Old Number One lilikuwa limeshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na tena 1930. Baadaye likabadilishwa mengi: likatiwa injini kubwa zaidi, na mwaka 1932 likapata ajali huko Brooklands iliyomuua dereva wake, Clive Dunfee, kisha likajengwa upya na kuvikwa bodi nyingine. Mnunuzi alipokataa kulipa akidai kuwa gari aliloonyeshwa si lile la Le Mans, Jaji Otton alilazimika kuamua gari ni nini. Aliona kuwa cha mwaka 1929 kilichosalia katika chuma chake ni kidogo mno, lakini historia yake ilikuwa mfululizo mmoja usiokatika, wala hapakuwa na gari jingine liwezalo kudai jina lile. Akahukumu kwamba ndilo Old Number One la kweli.

Hukumu hiyo inawahusu watu wa kwetu kuliko wengi wanavyofikiri. Ziko 109 nyingi Tanzania na Kenya zilizotolewa injini ya petroli ya Solihull na kutiwa dizeli ya Kijapani, kwa sababu petroli ilipanda bei na spea zikaadimika, na mwenye gari alikuwa na mzigo wa kupeleka sokoni. Sioni aibu katika hilo. Badiliko lile ni sehemu ya maisha ya gari, na ndilo lililoliokoa lisiuzwe kwa vyuma chakavu. Aibu iko kwa mtu achukuaye bamba la gari lililokufa akalipigilia katika jingine, akaandika katika tangazo la kuuza kwamba kila kitu ni cha asili. Huyo amekata sanadi, na hata fundi mwaminifu atakayekuja baada yake hataweza kuiunga.

Daftari la Solihull hukoma pale gari lilipokabidhiwa kwa wakala. Kwa magari mengi ya Kenya na Tanzania wakala huyo alikuwa Cooper Motor Corporation, ile CMC ambayo mabango yake yalijulikana na kila dereva. Na kutoka hapo habari huendelea katika maandishi ya humu humu kwetu: mafaili ya usajili, vitabu vya bohari za serikali na vya karakana za wizara, hesabu za mashamba ya mkonge na chai, kumbukumbu za misheni na za idara za wanyamapori, orodha za mnada ambamo magari ya serikali yaliuzwa kwa raia. Mwezi Oktoba 2024 zilikusanyika Arusha landrova zaidi ya elfu moja katika msafara mmoja, na wengi walioziona walizungumzia umri wake. Kwa kila moja kati ya zile za kale upo mstari huko Gaydon unaoweza kuombwa, ila hakuna hata mmoja utakaomtaja mwalimu, mganga au bwana shamba aliyeliendesha gari lile miaka 20 ya kwanza. Majina hayo yamo katika kadi zilizokunjwa sandukuni na katika vinywa vya mafundi wazee wa Tanga, Moshi, Nakuru na Iringa, ambao baadhi yao hata leo hulitambua gari kwa kiraka walichokipiga wenyewe. Mwenye gari atakayekwenda kuwauliza na achukue pamoja naye nakala ya cheti cha Gaydon na kalamu, amwandike kila mmiliki kwa utaratibu wa karani yule, tarehe, mahali na mtu, na pale ambapo injini ilibadilishwa aandike nambari ya ile mpya na jina la karakana.